Stata haikuwa na tatizo

Gari langu la mwaka 1996 asubuhi linawaka vizuri kabisa. Nikilizima sokoni likiwa la moto, linagoma. Ukipiga stata, "ta!" moja, kimya. Taa za dashibodi hazififii hata kidogo. Likipoa, linawaka kama vile halijawahi kuugua.

Kila mtu aliniambia ninunue stata nyingine, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Fundi umeme wangu akakataa katakata. Alisubiri mpaka ligome, ndipo akatoa mita ya kupimia umeme. Betri volti 12.6, nzima. Akagusisha waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye chuma cha injini, akaniambia piga stata. Mita ikapanda hadi volti 3, wakati haitakiwi kuzidi nusu volti! Umeme ulikuwa unapotelea kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini. Kuufungua, chini ya nati kuna kutu ya kijani, na nyuzi nyingi za shaba zimekatika ndani ya plastiki. Waya mpya, msasa kwenye chuma, basi.

Namheshimu sana fundi anayepima kabla ya kubadilisha. Jamani, la kwenu likigoma hivi msikimbilie kusukuma. Lipimwe hapohapo, maana likishawaka mita haitaonyesha kitu.