"Malizana Nayo"

Nilikuwa na wiki 3 tu kwenye usimamizi wa zamu ya usiku, katika kiwanda kimoja cha Jinja, mafundi 7 chini yangu. Nikipita kwenye pampu ya maji ya kupozea, nikaona inadondosha pale shafti inapotokea. Nikamwambia kijana mmoja wa Kiteso, mgeni kazini kama mimi: "Hiyo inavuja, malizana nayo." Nikaenda zangu kuandika ripoti.

Akamalizana nayo. Saa sita usiku harufu ya kamba inayoungua ilinifikia ofisini.

Pampu ya aina ile huzibwa kwa pete za pakini, kamba iliyosukwa yenye grafiti, zinazobanwa na kikingio chenye nati 2. Haitakiwi kukauka. Matone kama 40 hadi 60 kwa dakika ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Kijana alikaza hadi tone la mwisho likakata. Pakini ikaungua na bushi ya shafti, ile ala ya chuma inayoivika, ikachimbika mfereji. Tukawasha pampu ya akiba, tukaifungua ile. Bushi tulibadilisha, maana pakini mpya juu ya mfereji haidumu. Tukakata pete 5, maungio yake tukayapishanisha kwa digrii 90, nati tukazibana kwa vidole tu. Baada ya kuwasha tuliiacha ivuje vizuri, kisha tukakaza sehemu ya sita ya mzunguko, nati zote sawa, tukangoja dakika 10 kabla ya kukaza tena.

Nasema "tuli", lakini spana niliishika mimi. Kijana nilimwachia tochi. Akaondoka anajua alichoharibu, hajui kinavyotengenezwa.

Asubuhi nikaanza kumwandikia barua ya onyo. Fundi mkuu, mzee wa Tororo, akachungulia karatasi. "Injinia, ulimwambia matone mangapi?"

Barua nikaichana.

Kosa la kauli kama "malizana nayo" ni kwamba haina kipimo wala mpaka. Na "umeelewa?" haisaidii, nani atamjibu bosi "hapana"? Pampu ya pili ilipoanza kuvuja, nilimpa kijana yule: matone 50 kwa dakika, kabla ya saa nne, asizidishe sehemu ya sita kwa mara moja, kikingio kikipata moto aniite. Nikamwomba anirudishie kwa maneno yake.

"Matone hamsini, Injinia. Ikichemka silazimishi, nakuita."

Akachuchumaa, saa ya mkononi mbele ya macho, akihesabu matone kwa sauti ya chini. Tochi nilishika mimi.