Asubuhi mganga mfawidhi alipokaa foleni

Vikao vya uongozi wa hospitali yetu ya wilaya vilikuwa na swali moja: nani kazembea? Malalamiko ya wagonjwa yakija, anatafutwa mtu, anaandikiwa barua ya kujieleza, kikao kinafungwa. Mwezi unaofuata, malalamiko yaleyale.

Mimi ni mratibu wa uboreshaji huduma. Ile 5S-KAIZEN, njia ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi hatua kwa hatua, ambayo hapa Tanzania ilianzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, kila kiongozi wetu anaijua kwa moyo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Makabati yana lebo, sakafu zinang'aa. Lakini waliichukua kuwa ni usafi. Kuangalia kazi inavyopita kutoka mkono huu hadi ule, jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito, liliachwa. Nilifundisha kwa slaidi mara mbili. Walinisikiliza vizuri, kisha wakarudi kwenye barua.

Safari iliyofuata, barua ilikuwa ya mtaalamu wa maabara, eti anachelewesha majibu. Niliomba kitu kimoja: kabla ya kuiandika, kila kiongozi avue koti jeupe, amfuate mgonjwa mmoja kuanzia getini hadi dirisha la dawa, aandike saa kila anaposimama. Katibu wa afya alisema hana nafasi. Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, akasema, "Tutakwenda wote."

Yeye alimfuata mama mwenye mtoto wa homa. Saa mbili na nusu mtoto akatobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, ambacho husomwa ndani ya dakika 15 hadi 20. Saa tatu kasoro majibu yalikuwa yameshaandikwa, yamo kwenye trei, yanaonekana dirishani. Saa nne na robo bado yamo. Mganga mfawidhi akainuka, yule mama akamshika mkono: "Kaa tu baba, hapa karatasi hutoka zote pamoja."

Juu ya trei palikuwa na tangazo lililofifia: majibu yapelekwe kwa daktari kwa mkupuo. Lina muhuri wa ofisi ya mganga mfawidhi. Lilibandikwa zamani, enzi za mtangulizi wake, mhudumu mmoja alipokuwa akihudumia maabara na wodi pamoja.

Mchana tulibandika karatasi za manila ukutani, kila hatua na saa yake, kusubiri kwa wino mwekundu. Ukuta ukawa mwekundu. Katibu wa afya ndiye aliyekaa mbele yake muda mrefu kuliko wote. Barua haikuandikwa.

Tukaanza na trei peke yake: majibu yatoke kila nusu saa. Siku ya tatu yakalundikana tena. Mganga mfawidhi akanipigia simu: "Nani alikuwa zamu?" Nilisikitika sana, nikaona tumerudi palepale. Nikamwuliza, "Daktari, mhudumu akiwa na ruhusa, kazi hiyo imepangiwa nani?" Kimya. Kisha nikamsikia akifunua karatasi za ratiba. Hakupangiwa mtu.

Siku hizi ratiba ya zamu ina safu ya kupeleka majibu, na jina la pili pembeni. Dirisha la malipo bado linanikosesha usingizi: mgonjwa anapanga foleni mara tatu mbele ya karani yuleyule, ya kumwona daktari, ya vipimo, ya dawa. Mhasibu ameshapewa mgonjwa wake wa kumfuata. Ni Jumatatu.