Nilivyozipanga nishani za babu zikasomeka

Novemba iliyopita baba yangu aliingia kwenye makaburi ya wanajeshi pale Ngong Road, Nairobi, kwa ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani, nishani nne za babu zikiwa kifuani, kila moja mahali pake, na hakuna aliyemvuta kando kumrekebisha. Mwingine ataona ni jambo dogo. Mimi nilimshukuru Mungu, kwa sababu mwaka uliotangulia tulipata aibu palepale, na aibu hiyo ililetwa na ushauri wa watu niliowaamini.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipigana Uhabeshi mwaka 1941, kisha akavushwa bahari kwenda Bama (Burma, siku hizi Myanmar), akarudi nyumbani Machakos na kopo la biskuti lenye nyota tatu za rangi ya shaba, medali moja ya duara ya rangi ya fedha, na kibanio kidogo kilichoshonewa tepe nne tupu. Kopo likakaa juu ya kabati la nyanya miaka yote. Ukiigeuza nishani yoyote kati ya hizo hutakuta jina la babu, kwa sababu Waingereza walizitoa nishani za vita vile bila kuchonga majina ya askari, tofauti na zile za vita vya 1914. Kwa hiyo kinachoeleza alikopita ni tepe zake na jinsi zilivyopangwa, basi. Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Kosa la kwanza lilitoka jikoni. Nyota zilikuwa zimefanya weusi, na shangazi akaniambia nizisugue kwa ndimu na majivu kama sufuria. Nikaanza na ile iitwayo Nyota ya 1939–1945. Weusi ulitoka, nikafurahi, nikaongeza ndimu. Nilipoisuuza na kuiweka kwenye mwanga wa dirisha, ncha mbili kati ya zile sita zilikuwa zimegeuka rangi ya waridi, kama ngozi iliyochubuka. Nyota hizi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na asidi ya ndimu hula zinki ikaacha shaba tupu juu. Waridi ile haijatoka hadi leo. Ukiwa na nishani ya zamani, ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, weusi uache. Ni umri wake, na umri si uchafu. Tepe nazo usizifue. Ile ya Nyota ya Afrika niliitia kwenye maji ya sabuni, wekundu wa katikati ukachuja ukaingia kwenye rangi ya mchanga, na tepe ikaharibika.

Kisha nikaenda kwa fundi wa cherehani mjini. Naomba nieleze vizuri hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibikiwa bila kujua. Nilikuwa nimezipanga nishani juu ya meza ya fundi kwa utaratibu sahihi kabisa: Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, halafu Medali ya Vita. Nilikuwa nimeuhakikisha. Mjomba alikuwa ameshapinga, akidai Medali ya Vita itangulie kwa sababu ina kichwa cha mfalme, nami nikakataa. Kwa utaratibu wa Uingereza nyota za kampeni hutangulia, na Medali ya Vita hufuata nyuma hata kama ndiyo inayong'aa zaidi. Fundi akasema nimwachie, nirudi jioni. Ili ashone vizuri alizilaza kifudifudi, akapitisha sindano kwa nyuma, akaanzia mkono wake wa kushoto kama alivyoona mimi nimeanzia. Nilipokuja kuzichukua na kuzigeuza, Medali ya Vita ndiyo iliyokuwa mwanzo na ile ya 1939–1945 ilikuwa mwisho. Na kwa kuwa ile tepe iliyochuja ilikuwa haifai tena, alikuwa ameninunulia nyingine ya mapambo, nyekundu na nyeupe, ya kufungia zawadi. Nilimlipa shilingi mia tano au mia sita, nikaondoka roho ikiniuma, lakini sherehe ilikuwa kesho yake. Nikajiambia hakuna atakayeona.

Waliona. Baba alikuwa amezibandika upande wa kushoto, juu ya moyo, maana ndivyo tunavyowaona maafisa wote. Chini yake nilikuwa nimembandika na kile kibanio cha tepe tupu, nikidhani ni pambo la ziada. Kabla ya tarumbeta kulia, mzee mmoja mwenye beret alimsogelea, akamshika mkono kwa adabu, akamuuliza kwa sauti ya chini alihudumu kikosi gani. Baba alizaliwa mwaka 1951. Alibaki kimya. Yule mzee akasema, "Basi mzee wangu, kushoto ni kwa aliyezipigania. Wewe mwana vaa kulia." Baba alizitoa zote akazitia mfukoni, na ibada nzima alisimama mkono ukiwa juu ya mfuko ule.

Nilirudi nyumbani na hasira, si kwa yule mzee, kwa sababu alitutendea wema. Hasira yangu ilikuwa kwa kila aliyeniambia "wewe bandika tu, ni ukumbusho." Ukumbusho wa nani, kama zinasema uongo?

Jirani yetu mmoja ni sajenti mstaafu. Nilimpelekea kopo zima. Aliliweka mapajani, akachukua kile kibanio cha tepe tupu kwanza, akacheka kwa furaha: "Mama, jibu unalo hapa, babu yako mwenyewe alikuachia." Kweli, tepe nne zilikuwa zimeshonwa kwa mpangilio uleule unaotakiwa. Akanieleza kwamba kibanio hicho huvaliwa siku ambazo nishani zenyewe hazivaliwi. Ni hiki au zile, haviwekwi pamoja.

Akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona kabisa: tepe mbili kati ya nne zina upande. Ya Nyota ya Burma haina shida, buluu pembeni, nyekundu pana katikati, na uzi wa rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Ukiigeuza ni ileile. Ya Medali ya Vita pia. Lakini ya 1939–1945 ina mapande matatu sawa, buluu iliyokolea, nyekundu, na samawati. Ya Afrika ina rangi ya mchanga wa jangwani, mstari mpana mwekundu katikati, na mstari mmoja mwembamba kila upande wake, huku wa buluu iliyokolea, kule wa samawati. Buluu iliyokolea ni majeshi ya majini, nyekundu ni ya nchi kavu, samawati ni ya anga. Na buluu iliyokolea lazima iwe mbali na bega la kushoto.

Hilo la bega lilinisumbua sana, kila nikigeuza kichwani napotea. Ndipo nikabuni njia yangu, na sajenti mwenyewe ameichukua. Simama mbele ya mvaaji, usome kama unavyosoma gazeti, kutoka kushoto kwako kwenda kulia: bahari, bara, anga. Ukisoma hivyo kwenye tepe zote mbili, uko sawa. Ukisoma anga kwanza, geuza. Na usiangalie kwenye kioo.

Tepe mpya niliagiza kwa binamu anayeishi Uingereza, za upana wa milimita 32, maana hizo ndizo zinazoingia kwenye pete bila kukunjamana. Zilinigharimu kama elfu tatu na kitu, posta ikiwa juu yake. Za zamani nimezihifadhi kwenye bahasha. Nilipokuwa natafuta pini ya kubanikia, muuzaji mmoja wa vitu vya kale aliniambia anayo Medali ya Ulinzi, niiongeze safu ijae, ziwe tano. Aliniambia kwa nia njema kabisa. Nilimjibu kwamba babu hakupewa hiyo, na safu ya watu wawili haiwezi kuwa kifuani mwa mmoja.

Safari hii nilishona mwenyewe. Nilikata kipande cha bati la kopo, kirefu kidogo kuliko milimita 128, ambazo ni tepe nne zikiwa bega kwa bega, nikakivika kitambaa cheusi na kukitia pini nyuma. Nishani nne hazihitaji kupandana. Zikizidi tano ndipo huanza kulaliana. Kazi ngumu ni kufanya nyota na ile medali zining'inie chini kwa mstari mmoja. Nilitumia rula na chaki juu ya meza, nikafumua mara tatu. Nilishona zikinitazama usoni, sikuzilaza kifudifudi hata mara moja.

Siku ya Jumapili mjomba aliibuka na jipya: kwa kuwa tunavaa kulia, basi safu igeuzwe. Haigeuzwi. Unahamisha safu nzima ilivyo, Nyota ya 1939–1945 ikibaki kushoto kwa anayekutazama.

Makaburi yale yana zaidi ya wanajeshi 1,900 wa vita vile, na ukumbusho wa wale wa Afrika Mashariki ambao makaburi yao hayajulikani. Baba alitembea polepole kati ya safu za mawe, koti limefungwa, nishani zikigongana taratibu. Yule mzee wa beret alikuwepo. Alisimama mbele yetu, macho yakapita kifuani mwa baba mara moja, kutoka kushoto kwake kwenda kulia.

"Alianza Uhabeshi," akasema. "Kisha Bama."

"Bama, ndiyo," baba akamjibu. "Alisema kule mvua ilinyesha mpaka matope yakameza nyumbu mzima na mizigo yake."

Miaka yote niliyoishi na baba, sikuwahi kuyasikia hayo ya nyumbu.