Mikono ya Shangazi

Juzi nilipita Majengo kumtazama mzazi. Kabla sijavua viatu, harufu ikanipokea mlangoni: mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, majani ya mwarobaini kwenye maji ya moto, na udi kwa mbali. Salamu hazijaisha nikamwomba anyooshe miguu yote miwili niione. Akanyoosha huku akicheka. Ilikuwa sawasawa. Nikampakata mtoto, nikanywa uji wa pilipili manga, lakini mawazo yalikuwa yameshahamia chumba kingine cha mtaa huohuo, jioni ile ya mdogo wangu.

Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, yuko wiki ya pili ya arobaini. Maumivu yalimwanzia kinenani upande wa kushoto, akadhani ni mshono. Yakashuka nyuma ya goti, kisha shavu la mguu likawa gumu. Nyumbani hakuna aliyeshtuka, maana mzazi ana mengi ya kumuuma. Shangazi akasema ni baridi imemwingia mguuni, na dawa ya baridi inajulikana.

Niliingia nikitoka zamu, sare ya wodi bado mwilini. Mdogo wangu amelala chali, leso imepandishwa hadi mapajani. Beseni la maji liko sakafuni linatoa mvuke. Shangazi amepiga magoti pembeni ya kitanda, amemimina mafuta kwenye kiganja cha kushoto, na kiganja cha kulia kinayasugua yapate joto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono uje unishikie huu mguu, leo umekataa kabisa."

Taa iko nyuma yangu, kwa hiyo niliiona miguu yote miwili kwa pamoja, na nadhani hilo ndilo lililosaidia. Ukiutazama mguu mmoja peke yake, kila mguu wa mzazi umevimba kidogo. Ukiitazama miwili, mmoja unasema. Wa kushoto ulikuwa umejaa kuanzia kifundo hadi pajani, ngozi imevutika na kung'aa, rangi imeiva kuliko ya mwenziwe. Niliugusa kwa mgongo wa mkono: joto. Nikaugusa wa kulia: joto la kawaida.

Nikasema, "Shangazi, subiri kidogo."

Kwenye cherehani ya jirani kulikuwa na utepe wa kupimia nguo. Kipimo chenyewe ni rahisi, na yeyote anaweza kukifanya. Chini ya kilegesambwa kuna kinundu cha mfupa mbele ya goko. Teremka sentimita 10 kutoka hapo, zungusha utepe bila kukaza, soma. Fanya vilevile mguu wa pili, mahali palepale. Tofauti ikizidi sentimita 3, wodini tunaihesabu kuwa dalili nzito. Wa kulia ulisoma 35. Wa kushoto ulisoma 40.

Shangazi alikuwa bado ameinua mikono, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye vifundo. Amekanda wazazi wa mtaa huu tangu mimi sijazaliwa. Alimkanda mama yetu. Kumwambia aondoe mikono yake juu ya mguu wa mtoto wa kaka yake ni neno zito, na nilikuwa nikilitafutia njia ya heshima wakati muda wenyewe haupo.

"Shangazi, naomba usiukande huu mguu. Usiuguse kabisa. Kuna damu imeganda ndani."

"Kama imeganda si ndiyo inataka kukandwa iyeyuke?"

Hilo ni swali la mtu anayefikiri, na mpaka leo naliheshimu. Nikamjibu kwa mikono, nikionyesha kwenye mguu wangu mwenyewe. Bonge linakaa ndani ya vena kubwa, ile inayorudisha damu moyoni, chini kabisa kati ya misuli. Likiwa bichi ni laini, na mkia wake unaelea ndani ya damu bila kushika ukuta wa mshipa. Mkandaji mzuri huanzia kifundoni akipanda juu, kwa kuelekea moyo. Ndiyo njia ileile ambayo kipande kikikatika kitapita: kinenani, kwenye vena kuu ya tumbo, upande wa kulia wa moyo, kisha mapafuni. Kikiziba mshipa mkubwa wa pafu, mtu hukata pumzi ghafla, kifua kinamchoma akivuta hewa, anakohoa damu au anazimia, na wengine hawaamki.

Wapo wengi waliokandwa wakiwa na bonge mguuni na hawakudhurika. Hilo ndilo linaloifanya hatari hii iwe ngumu kueleza: aliyepona huonekana ushahidi kwamba mkono ulimfaa.

Shangazi hakubishana. Alijifuta mafuta kwenye leso yake, kidole kimoja kimoja, akaniuliza, "Sasa mikono yangu nifanyie nini?" Nikamwomba amshike mtoto, tuondoke.

Ya hospitali nitayapitia haraka. Teksi, foleni, fomu, foleni nyingine. Kipimo kinachothibitisha ni ultrasaundi ya mishipa. Mpimaji hutafuta duara mbili nyeusi zilizokaa pamoja, ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena, kisha hukandamiza ngozi kwa kifaa chake. Vena yenye afya hujifunga mara moja, kwa sababu kuta zake ni nyembamba, na ateri hubaki wazi. Ya mdogo wangu haikujifunga nyuma ya goti, wala pajani, wala karibu na kinena.

Mguu wa kushoto si bahati mbaya tu. Vena inayotoka mguu huo hupita chini ya ateri ya upande wa kulia ndani ya nyonga, ikabanwa kati yake na uti wa mgongo, na mimba huibana zaidi. Ndiyo maana bonge la wajawazito na wazazi hupenda zaidi upande huo. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyezaliwa 13 Oktoba 1821, jina lake limebaki kwenye mambo matatu yanayogandisha damu mshipani: damu inayotembea polepole, ukuta wa mshipa ulioumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mzazi aliyepasuliwa anayo yote matatu. Amelala, amekatwa, na mwili wake umeitayarisha damu igande upesi ili asivuje hadi kufa wakati wa kujifungua. Hatari hiyo iko juu zaidi wiki 6 za kwanza. Zihesabu: ni arobaini yenyewe, na siku mbili.

Alilala hospitali usiku chache, akaruhusiwa na sindano za enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande, za kujidunga nyumbani. Dozi ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, figo zikiwa nzima. Alikuwa na kilo 60, kwa hiyo sindano za miligramu 60, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Huja zimeshajazwa. Nitaeleza namna ya kudunga, kwa sababu karatasi ya ndani ya boksi huandikwa kwa herufi ndogo na watu wengi wanaambiwa mara moja tu, wakiwa bado wamechanganyikiwa.

Nawa mikono, kaa nusu ya kulala. Chagua tumbo, pembeni, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, mbali na kovu la upasuaji na mbali na pale palipovilia damu jana. Asubuhi kulia, usiku kushoto. Pangusa kwa spiriti, ngoja pakauke, la sivyo patawasha. Vuta kifuniko moja kwa moja bila kukizungusha. Utaona kiputo cha hewa ndani: kiache. Ukidunga dozi nzima, kiputo ndicho kinachosukuma tone la mwisho, na ukikitoa, dawa hutoka nacho. Finya kunjo la ngozi kwa dole gumba na kidole cha shahada, ingiza sindano wima hadi mwisho, sukuma polepole, na usiachie kunjo mpaka sindano itoke. Kisha usisugue. Bonyeza kidogo kwa pamba ukihitaji. Kusugua ndiko kunakoacha mabaka meusi makubwa yanayomtisha kila anayeyaona. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, irudishwe kliniki. Kwenye taka za Majengo hupita watoto.

Pamoja na sindano alianza vidonge vya warfarini. Watu huuliza kwa nini dawa mbili. Warfarini huzuia ini kutengeneza viambato vya kugandisha damu, lakini vile vilivyokwisha kuwamo kwenye damu huchukua siku kadhaa kumalizika, na siku za mwanzo hupunguza pia kinga asilia ya mwili dhidi ya kuganda. Kwa hiyo sindano huendelea siku 5 kwa uchache, na hadi kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kifike 2 na kukaa hapo saa 24. Lengo ni kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge linaweza kukua, juu sana damu inaweza kuvuja ndani. Zipo dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho, kama rivaroksabani, lakini hazipendekezwi kwa anayenyonyesha. Warfarini na enoksaparini mama anaweza kunyonyesha nazo.

Na hapa shangazi alirudi na mikono yake. Jiko lilikuwa lake. Nilimweleza kwamba vitamini K ya mboga za majani huipunguza nguvu warfarini, na kwamba shida si kula mboga bali kubadilisha kiasi. Aliyekula mchicha wiki nzima, akaacha, kisha akarudi na sukuma wiki mara mbili kwa siku, INR yake itapanda na kushuka. Shangazi akatenga bakuli moja dogo, na mboga za mdogo wangu zikawa kipimo hicho kila siku. Tangawizi na kitunguu saumu vya kupikia havikuwa na neno, lakini mafuta ya habasoda ya kunywa kwa kijiko tuliyaweka kando. Alikariri pia dawa za kukataa dukani: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kiasi. Mdogo wangu alipoumwa tumbo akaandikiwa metronidazoli, shangazi ndiye aliyesema nipigiwe simu kwanza kuhusu karatasi hiyo. Alikuwa sahihi. Metronidazoli hupandisha INR, na septrini vilevile. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha.

Kitu kilichomvunja moyo mdogo wangu zaidi ni kwamba maumivu hayakuondoka. Alidhani dawa inayeyusha bonge. Haiyeyushi. Inalizuia lisikue, na mwili wenyewe ndio unaolimumunya, pole pole, kwa wiki na miezi. Mara nyingine hubaki kovu ndani ya mshipa, na vile vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini huharibika. Ndipo mguu unakuwa mzito jioni, unavimba, ngozi ya kifundoni inakuwa nyeusi, na kwa wengine hufunguka kidonda. Alimeza dawa kwa miezi 3, muda wa chini kabisa, kisha daktari akampima upya na kumwachisha. Soksi za kubana alizivaa asubuhi kabla hajashusha mguu kitandani, maana ukishasimama damu imeshateremka na soksi haipandi. Humpunguzia uzito wa mguu. Sikumwambia zitazuia madhara ya baadaye, kwa sababu utafiti mkubwa uliotoka 2014 haukuona hivyo.

Na kutembea. Tulimnyanyua mapema, mara alipoanza dawa na maumivu yakaruhusu, ukumbini na kurudi, kisha hadi mlango wa ua. Kulala tu hakulishikilii bonge mahali pake.

Mimba ya pili ilipokuja, alianza sindano mapema: miligramu 40 mara moja kwa siku, miezi yote, na wiki 6 baada ya kujifungua. Warfarini haifai mimbani, humdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Karibu na kujifungua alifundishwa asijidunge uchungu ukianza, kwa sababu ganzi ya mgongoni hudai saa 12 zipite tangu sindano ya mwisho. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hatavitumia tena.

Kuhusu arobaini yenyewe bado sina uhakika niseme nini. Kwa wanawake wengi ninaowajua hapa, siku hizo ndizo pekee katika miaka mingi ambazo mtu mwingine huwapikia na kuwaogesha. Nikimwambia mzazi anyanyuke kila baada ya saa chache, kuna nyumba ambako atakabidhiwa ndoo na ufagio. Kwa hiyo ninamwambia atembee ndani, anywe maji, azungushe vifundo akiwa amelala, na kupumzika aendelee kupumzika. Wakandaji ninawaomba waitazame miguu yote miwili kabla ya kufungua chupa ya mafuta. Shangazi hufanya hivyo, na wawili aliowakatalia mafuta walikwenda kupimwa. Mmoja alikutwa na bonge. Lakini mengine huganda bila uvimbe wala maumivu ya kuonekana, na kwa hayo, utepe wa fundi hauwezi kunisaidia.