Karabai

Juzi usiku nilikuwa nakatakata nyanya, kifungua mimba wangu yuko mezani na hesabu zake za kidato cha pili. Akauliza bila kuinua kichwa: "Mama, sisi hesabu tuna walimu wanne. Kule kisiwani mlikuwa wangapi?"

"Mmoja."

"Nani?"

"Mimi."

Akaendelea kuandika. Kisha: "Na ulipoondoka?"

Sikumjibu. Nilichukua kitunguu kingine nikaanza kukimenya, ingawa mboga ilishatosha vitunguu.

Maisha ya Ukerewe, wilaya ya visiwa vya Ziwa Victoria, nimeshayasimulia vipande vipande: ugali wa muhogo, malaria, mshahara wa kufuatwa benki mjini Nansio. Siku ya kwenda, siku ya kusubiri foleni, siku ya kurudi ziwa likikubali. Kila mwisho wa mwezi shule nzima haikuwa na hesabu wala fizikia mpaka nishuke mwaloni. Nilikuwa na vipindi 34 kwa wiki. Ilikuwa miaka ile ya shule za kata, baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Madarasa yalipanda haraka kwa sababu wazazi walibeba mawe na mchanga kichwani. Mwalimu wa hesabu mzazi angembeba vipi? Maabara hatukuwa nayo. Fizikia niliichora ubaoni, na watoto wakanakili picha ya betri ambayo hawajawahi kuiunganisha na waya.

Usiku wa mwisho ndio sijawahi kuusimulia.

Julai 2011. Barua ya uhamisho wa kumfuata mwenza ilitoka nikiwa na mimba ya miezi minne, ya huyuhuyu anayeniuliza maswali. Nilimwambia mkuu wa shule peke yake. Mzee yule alikaa kimya, akaikunja barua kwa uangalifu kama alivyoikuta, akasema, "Nenda mwanangu, ukajifungue salama." Wanafunzi sikuwaaga. Nilijiambia nawaepushia huzuni.

Lakini kisiwani siri haikai. Saa mbili usiku, godoro limeshafungwa kamba, nikasikia hodi. Kidato cha nne, karibu wote, madaftari kwapani.

"Shikamoo, madamu," kiranja akasema. "Tumesikia mtumbwi wako ni wa alfajiri. Matriki hatujafika."

Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki miezi mitatu. Sikupata neno la kuwaambia. Nilichukua boksi la chaki tukaenda darasani.

Ilikuwa mbalamwezi, na hilo ndilo lililotuokoa. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi hulala. Wiki za giza nusu ya wavulana wangu walikuwa ziwani usiku na wanasinzia mchana. Wiki za mwezi walikuwa wangu. Na usiku ule karabai za wavuvi zilikuwa hazina kazi, wakaazima moja.

Kijana mmoja mrefu aliishika juu ya bega, pembeni ya ubao. Ilivuma ule mvumo wake, wadudu wa ziwani wakaizunguka kama moshi, wengine wakaangukia kwenye chaki yangu. Nikaandika matriki ya kwanza, namba zilizopangwa kwa mistari ya mlalo na ya wima ndani ya mabano. Kuzidisha kuliwashinda: wakawa wanazidisha namba iliyo juu na iliyo juu, ya chini na ya chini. Nikawaambia wekeni kalamu. Nyosheni mkono. Matriki ya kwanza tunakwenda mlalo, ya pili tunashuka wima. Mlalo, wima. Mlalo, wima. Mikono zaidi ya 50 ikaenda kulia kisha ikashuka, na kwenye ukuta wa nyuma vivuli vikaenda kulia kisha vikashuka, vikubwa, mpaka kwenye mabati. Hakuna aliyecheka. Msichana wa dawati la mbele alikuwa amefumba macho, mkono unakwenda, midomo inahesabu. Alipofumbua aliandika jibu, na lilikuwa sahihi.

Kila mwanga ulipofifia yule kijana alishusha karabai, akaipampu, akaipandisha tena. Karibu saa saba nikagundua hana daftari mkononi, hajaandika mstari hata mmoja. Nikamwambia ampe mwenzake taa.

"Hapana, madamu. Wao waandike. Mimi nitanakili kwao."

Saa kumi mafuta yakaisha. Kinyume cha matriki tulikianza, hatukukimaliza. Walibeba godoro langu na ndoo zangu mpaka kwenye mtumbwi.

Shuleni Nyamagana, jijini Mwanza, nilipokewa vizuri, nikapewa kiti na kabati lenye ufunguo. Nilikuwa mwalimu wa sita wa hesabu. Vipindi tisa kwa wiki. Kila mmoja wetu sita alikuwa na sababu yake ya kweli: ndoa, ugonjwa, mzazi mzee. Sijamwona bado mwalimu aliyehama kwa uovu. Lakini hesabu ndilo somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote nchini, walimu wake ni wachache, na sita kati ya hao wachache tulikuwa tunanywa chai chumba kimoja.

Matokeo yalipotoka niliifungua shule yangu ya zamani kwenye intaneti. Hesabu, F tupu kuanzia juu mpaka chini, isipokuwa D tatu na C moja. Majina hayakuwekwa, ni namba ya mtihani na jinsia tu. Ile C ilikuwa ya mvulana. Wavulana pale walikuwa zaidi ya 30.

Jana nilimjibu binti yangu. Nilimwambia hakuna mtu. Walikaa hivyohivyo mpaka mtihani.

Akafikiri. "Kama usingekuwa na mimba yangu, ungebaki?"

Nilitamani sana kumwambia ndiyo. Lakini barua yangu ya kwanza ya kuomba uhamisho niliiandika mwaka 2010, sijabeba mimba yoyote, na nakala yake ninayo mpaka leo. Nikaenda kabatini nikamletea aisome.