Theluji ikianguka Seattle: milima, chumvi na mabasi marefu

Kila mwaka theluji ya kwanza ikigusa Seattle, swali huwa lile lile: inchi mbili tu zinasimamishaje mji mzima, wakati Chicago kwa mwaka hupata theluji karibu mara sita ya ile ya Seattle na watu wanakwenda kazini? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba madereva wa huku hawajui kuendesha kwenye theluji. Hilo lina ukweli kidogo sana. Vinavyousimamisha mji ni maji, mteremko na urefu wa basi.

Tuanze na maji. Seattle, mji wa Marekani, iko kando ya Puget Sound, mkono wa bahari ya Pasifiki, na hewa ya bahari haiachi baridi ikaze. Desemba na Januari joto la mchana huwa kama nyuzi 8 za Selsiasi, na la usiku nyuzi 3 hivi. Ukipima theluji ya mwaka mzima kwenye uwanja wa ndege wa Sea-Tac, wastani wake ni kama inchi 6, yaani sentimeta 15. Theluji hiyo mara nyingi huja pale hewa kavu na baridi ya bara inapoteremka kwenye bonde la mto Fraser, upande wa Kanada, ikakutana na mawingu ya mvua yanayotoka Pasifiki. Wakati huo joto huwa liko kwenye sifuri au nyuzi moja juu yake, na nyuzi hiyo moja ndiyo inayoamua kila kitu. Ufukweni panaweza kunyesha mvua, huku juu ya kilima cha Queen Anne, mita 139 hivi kutoka usawa wa bahari, theluji imefunika magari. Basi moja katika safari moja hutoka kwenye mvua likaingia kwenye theluji.

Theluji ya namna hii ni nzito na imelowa. Gari la kwanza likipita huikandamiza, inatoa maji, na usiku ukiingia maji yale yanaganda. Asubuhi unachokikuta barabarani ni barafu laini kama kioo. Chicago ikiwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, theluji huwa kavu na tairi hupata pa kushika, tena juu ya ardhi tambarare.

Mteremko nao una hesabu yake, na inafaa kila anayeishi huku aijue. Lami kavu ina kipimo cha msuguano cha 0.7 hivi. Theluji iliyokandamizwa ina 0.2. Barafu ina 0.1, na barafu yenye utando wa maji juu hushuka hadi 0.05. Ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa ukakanyaga breki, lami kavu itakusimamisha ndani ya mita 9, theluji iliyokandamizwa mita 31, barafu mita 63. Hapo barabara ni tambarare. Sasa ipandishe: Queen Anne Avenue, ile sehemu wenyeji wanayoiita Counterbalance, ina mwinuko wa asilimia 18 hivi. Mwinuko wa 0.18 ukizidi msuguano wa 0.1, gari haliwezi kukaa pale, hata likiwa limezimwa, magurudumu yamefungwa na breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Litateremka lenyewe. Ujuzi wa dereva hauingii kabisa kwenye hesabu hiyo. Jina la Counterbalance lenyewe linatokana na uzani uliokuwa ukipanda na kushuka kwenye handaki chini ya barabara, kuyasaidia matramu ya umeme, mpaka yalipoondolewa mwaka 1940. Mlima ule ulikuwa unahitaji msaada hata siku ya jua.

Tarehe 19 Desemba 2008 mabasi mawili ya kukodi yaliserereka kwenye mteremko wa kilima cha Capitol Hill, kizuizi cha pembeni kikavunjika, na moja likabaki likining'inia juu ya barabara kuu ya I-5. Ni hesabu hiyo hiyo.

Mabasi ndiyo sehemu inayosumbua kuliko zote. King County Metro, wanaoendesha mabasi ya mji na viunga vyake, wana mabasi mengi ya futi 60, mita 18, yenye kiungo cha kukunja katikati. Umbo ni kama lile la mabasi marefu ya mwendokasi wa Dar es Salaam. Katika basi la dizeli la aina hii injini iko nyuma kabisa, na gurudumu linalosukuma ni la mwisho. Likipanda mlima wenye theluji, nyuma inasukuma, mbele inazuiwa na theluji, na nguvu inatafuta njia nyepesi, ambayo ni kile kiungo. Basi linajikunja kama kisu cha kukunja na kuziba njia zote mbili. Likiteremka, hatari iko kwenye breki ya ziada inayofanya kazi kwenye magurudumu ya nyuma dereva anapoachia mafuta. Kwenye barafu magurudumu hayo hupoteza mshiko, na mkia unahama upande. Ndiyo maana madereva wa mabasi hufundishwa kuizima breki hiyo barabara ikiwa ya utelezi, na kutumia breki ya kawaida taratibu, mapema.

Dawa ni cheni, nazo zina masharti yake. Kufunga cheni mamia ya mabasi ni kazi ya usiku kucha karakana nzima, kwa hiyo uamuzi lazima utoke jioni, kabla hata tone la theluji halijaonekana. Utabiri ukikosea, asubuhi mabasi yanatembea na cheni juu ya lami tupu: pete zinasagika, zinakatika, na kipande kilichokatika kinapiga chumba cha gurudumu na kinaweza kuchana bomba la hewa la breki. Basi lenye cheni hulazimika kwenda polepole, na ratiba yote inavurugika. Halafu ipo siku ya kati, ambayo ni mbaya kuliko zote: katikati ya mji barabara ni nyeusi na kavu, juu ya milima ni barafu, na basi lile lile linapita pote pawili. Ukiona basi limechelewa dakika 40 siku kama hiyo, mwonee huruma dereva.

Kwa sababu hizo Metro ina njia za theluji. Njia nyingi zimechorewa mapema mkondo mbadala unaokwepa milima; siku ya theluji basi linafuata mkondo huo, na vituo vya mteremkoni havipati huduma. Hali ikizidi, unakuja mtandao wa dharura wa theluji, wenye njia chache tu, zile za barabara kubwa ambazo mji unaahidi kuzisafisha kwanza. Mtandao huo ulitumika kwa mara ya kwanza, ukiwa na njia 60 hivi, Februari 2019, mwezi ambao Sea-Tac ilipata inchi 20.2, sentimeta 51. Magari ya Access, yanayobeba watu wenye ulemavu, siku hizo hubakiza safari za lazima za tiba, kama kusafishwa damu. Mwenye mzee nyumbani anayekwenda kusafishwa damu apige simu mapema kuthibitisha safari.

Sasa chumvi. Desemba 2008 mji haukutumia chumvi, kwa kuhofia maji ya Puget Sound na vijito vyake vya samaki. Ulimwaga mchanga, na malori ya kusukuma theluji yalikuwa na bapa zenye ukingo wa mpira ili yasing'oe vishikizo vya alama vilivyobandikwa barabarani. Mpira ulipita juu ya theluji iliyokandamizwa bila kuikwangua, barafu ikabaki chini, na mji ukakwama kwa siku nyingi. Agosti 2009 Meya Greg Nickels aliangushwa katika uchaguzi wa mchujo, na theluji ile ilitajwa na wengi kati ya sababu. Sera ilibadilika, chumvi ikaruhusiwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa hofu ya samaki nayo haikuwa ya bure: chumvi iliyoingia kijitoni haiondoki kwa kuchujwa.

Siku hizi kazi huanza kabla ya theluji. Malori hunyunyiza maji ya chumvi yenye chumvi asilimia 23 kwa uzito, yaani kilo 23 za chumvi kwa kilo 77 za maji. Kiwango hicho kina sababu: ndipo mchanganyiko unapochelewa zaidi kuganda, hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Kiasi cha kawaida katika kazi hii ni kati ya lita 70 na 140 kwa kilomita moja ya njia moja. Maji hukauka na kuacha mistari myeupe. Theluji ya kwanza ikigusa chumvi ile haishikani na lami, na bapa linaiondoa kirahisi. Mwagia chumvi hiyo hiyo juu ya barafu iliyokwisha kushikana, nawe utahitaji chumvi nyingi zaidi, maana itatoboa mashimo juu na maji yake yataganda tena.

Kwa Seattle kuna kikwazo kingine. Mara nyingi theluji ya huku hutanguliwa na mvua, na mvua huosha mistari ile yote. Saa nane mchana mvua, saa tisa theluji, saa kumi barafu, na saa kumi ndipo watu wote wako barabarani wakirudi nyumbani. Jioni ya Jumatatu, tarehe 22 Novemba 2010, mji ulikamatwa na barafu katika saa hizo. Basi moja likijikunja mlimani, magari yanajipanga nyuma yake, wengine wanayaacha na kuondoka kwa miguu, na lori la chumvi linakwama nyuma ya foleni likiwa na chumvi yake yote. Ndiyo sababu naona kosa kubwa kuliko yote ni kuliacha gari katikati ya njia. Kama huna budi, lisogeze hadi pembeni kabisa, hata likiingia kwenye ukingo wa majani.

Watu wengi hupiga simu pasipohusika. Mitaa ya mji ni ya idara ya usafiri ya Seattle. Barabara kuu za I-5 na I-90 ni za jimbo la Washington. Mabasi ni ya kaunti. Treni ya Link, ile ya umeme ya mjini, ni ya Sound Transit, shirika la usafiri la eneo hili. Mitaa midogo ya makazi haimo kwenye orodha ya kwanza, na njia ya miguu mbele ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba. Isafishe upana unaopitisha kiti cha magurudumu, kama mita moja, na usirundike theluji kwenye kona ambapo watu huvuka. Kikombe kimoja kikubwa cha chumvi kinatosha mita 6 za njia ya kuingizia gari. Ukisikia chumvi inakwaruza chini ya viatu, umezidisha.

Treni ya Link ndiyo tegemeo. Kutoka katikati ya mji kwenda Chuo Kikuu cha Washington inapita chini ya ardhi, na theluji haiifikii huko. Inapotoka nje hupata umeme wa volti 1,500 kutoka waya wa juu, na barafu ikiganda juu ya waya huo mkono wa treni haupati mgusano mzuri. Tiba yake ni kuziendesha treni usiku kucha bila abiria, ili waya usipate nafasi ya kuganda. Mabasi ya umeme ya waya yana tatizo hilo hilo, ila mapya yana betri inayoyavusha mwendo mfupi pale fimbo zinapokosa umeme.

Kwa abiria, basi: usisubiri kituo cha mteremkoni. Tembea hadi chini kabisa ya mlima au juu kabisa, kwenye barabara pana. Simama mbali na ukingo, maana basi linapoingia kituoni mkia wake unaweza kuteleza kuelekea kwako. Tembea kwa hatua fupi, uzito ukiwa juu ya mguu wa mbele.

Kwa mwenye gari, tairi za kawaida huanza kuwa ngumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, na tairi kipara haifai hata kutoka getini. Soma kitabu cha gari kabla ya kununua cheni, kwani magari mengine madogo hayana nafasi kati ya tairi na bodi. Zifungie siku kavu nyumbani kwanza, ujifunze. Zitandaze, ondoa misokoto, zivishe magurudumu yanayovuta (kwa gari dogo la kawaida ni ya mbele), funga ndoano ya ndani kwanza kisha ya nje, sogea mita moja, kaza. Baada ya nusu kilomita simama mahali salama ukaze tena. Usipite kilomita 50 kwa saa, na zivue mara tu lami inapoonekana. Ukikwama na injini inanguruma, hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji, la sivyo gesi ya sumu inaingia ndani. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwa kuwa hewa baridi inayapiga juu na chini. Ondoa mguu kwenye mafuta kabla ya kuyafikia, na ukiwa juu yake usiguse breki wala kukata usukani ghafla.

Theluji ya Seattle haikai. Siku ya pili au ya tano mvua inarudi na kila kitu kinayeyuka kwa pamoja, kikitafuta mifereji iliyofunikwa na majani na barafu. Mwenye koleo atoboe njia hadi kwenye chujio la mfereji lililo karibu na nyumba yake jioni ile utabiri unapoanza kutaja nyuzi 5, kabla maji hayajafika kizingitini.