Sambaza za mababu

Jumapili umeme ulirudi saa kumi na moja jioni, nasi tukafungua televisheni bila kuchagua. Tukaangukia kipindi cha mapishi cha hapa hapa Bukavu. Mpishi amejifunga majani kiunoni, chungu cha udongo kiko juu ya mafiga, na saa ya mkononi kasahau kuivua. "Leo tunapika kama mababu, kabla ya mzungu kufika!" Akamwaga sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye mafuta, juu yake nyanya, pembeni bugali ya muhogo.

Koko, bibi yangu, alikuwa mlangoni akichambua mboga ya lengalenga. Akainua kichwa. "Mababu ya nani?"

Mimi nimekua na sambaza. Usiku nikiona taa za wavuvi ziwani, najua kesho Mama atakaanga. Koko, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, ana hesabu nyingine: "Nilizionaka nimeshazaa watoto watatu. Baba yangu amekufa bila kuzijua."

Nikatafuta, nikakuta anasema kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, vifaranga vya sambaza vilitolewa ziwa Tanganyika vikamwagwa ziwa Kivu, kwa sababu katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Ikapita miaka mingi kabla hazijafika sokoni kwa wingi. Muhogo nao waliuleta Wareno kutoka Amerika, na nyanya asili yake ni huko huko. Basi kwenye chungu kile, babu angetambua labda chungu.

Kubuni hakunikeri. Mwaka 2009, kwenye televisheni ya Channel 4 ya Uingereza, mpishi Heston Blumenthal aliandaa karamu ya enzi ya Malkia Victoria. Wakati ule nyama ya kasa ilikuwa ghali, kwa hiyo watu walipika kichwa cha ndama na kuita "supu ya kasa" ya kuigiza. Yeye akaenda mbali zaidi: akatengeneza saa ya mfukoni kwa mchuzi uliokaushwa, akaifunika kwa dhahabu nyembamba, ukimwaga maji ya moto inayeyuka na kuwa supu. Ndoto tupu, lakini hakuna aliyetoka pale akidhani bibi yake alikunywa saa.

Huyu wetu anasema "mababu", na watoto wanaamini.

Nikamuuliza Koko, kwao walikula bugali gani. Ya ulezi, akasema, au mtama. Akaweka lengalenga chini, akapiga magoti kwenye simenti, akaanza kusukuma jiwe lisilokuwepo: mbele, nyuma, mbele, halafu anakusanya unga kwa ubavu wa kiganja, taratibu, punje isidondoke. Nilitamani kamera ingekuwa kwetu. Ila bugali ya ulezi ina rangi ya udongo, sijui kama wangeionyesha.

Mama akaleta chakula. Sambaza, bila shaka. Koko akaonja, akanisogezea sahani.

"Hakuna pili-pili. Mababu hawakulaka hivi."

Pili-pili ilipanda meli moja na muhogo. Nikamletea, sikusema kitu.